Kanuni ya Mbavu

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti. Wafugaji walimwita Utepe, kwa sababu alitembea na utepe wa kupimia kifua cha ng'ombe umening'inia shingoni kama wa fundi cherehani, na akikasirika aliushika ncha zote mbili akauvuta huku na huku, taratibu, kana kwamba katikati yake kuna shingo ya mtu. Mtu mwenyewe alikuwepo. Hakuwa na habari, lakini alikuwepo.

Utepe alikuwa mtafiti wa ng'ombe wa nyama katika kituo cha utafiti. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuitia ndama na mwendo wa mtu anayekwenda kudai. Alisimama langoni mwa zizi, akafumba jicho moja, akataja uzito wa fahali, na mizani ilipoletwa ilimwaibisha kidogo tu, tena kwa heshima. Kazini walimsifu kwa uvumilivu. Watu nao hawajui kusifu. Hicho walichokiita uvumilivu kilikuwa kisasi, na alikifuga kama anavyofugwa fahali wa kunenepesha: hakukitoa nje hovyo, hakukifunga jembe, alikilisha asubuhi na jioni akingoja bei ipande.

Kisa kilianza bado anavaa sare ya shule. Baba yake alikuwa na mafahali wachache ambao ndio waliokuwa ada, dawa na paa la nyumba. Siku moja gari la kituo likaja, akashuka mtaalamu kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungekata nyasi. Akawakusanya wafugaji, akawaeleza kuna utafiti wa mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, kama yananenepesha ng'ombe wakati wa kiangazi. Wafugaji watagawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza litapewa mashudu, na ng'ombe wake watavishwa hereni nyekundu masikioni. Kundi la pili litaitwa kundi la ulinganisho, litavishwa njano, na litaendelea na maisha yake kama kawaida. Wote watapimwa kila mwezi.

Ulinganisho ni neno refu, na maneno marefu yana tabia ya kuficha mifuko mitupu. Baba yake Utepe alilisikia, kifua kikajaa. Alipoangukia hereni za njano alirudi nyumbani akitembea katikati ya njia.

"Wale wenzetu wamepewa chakula cha msaada," aliwaambia majirani. "Sisi ndio wa kulinganishwa nao. Wakubwa wakitaka kujua ng'ombe ni kitu gani, wanakuja kuuliza kwangu."

Akasema kwa uhakika kiasi kwamba jirani mmoja wa hereni nyekundu alitaka wabadilishane, mzee akakataa. Gari la kituo likikaribia kuja, alichukua kitambaa chenye maji akazifuta zile hereni moja moja, zing'ae.

Mwaka huo mvua haikunyesha. Nyasi zikageuka rangi ya hereni za mzee, kisha zikaisha. Kila mwezi gari lilikuja limesheheni magunia ya mashudu, likasimama kwake, wakashuka na mizani, wakapima, wakapanda, wakaenda kushusha magunia kwa jirani. Mwezi ambao fahali mkubwa alilala asiinuke, mzee alivaa koti, akamfuata mtaalamu kwenye mlango wa gari. Utepe alikuwa pale, ameshika kamba ya ng'ombe mwingine, akasikia yote.

"Gunia moja tu, daktari. La yule aliyelala."

"Nikikupa nitaharibu takwimu, mzee."

"Basi niache niuze wawili, kabla hawajanifia wote."

"Uliweka dole gumba kwamba huuzi mpaka mwisho. Ukiuza utaharibu takwimu." Kisha yule kijana akatabasamu, akampigapiga mzee begani kama wafanyavyo watu wa rika moja. "Usihuzunike. Ng'ombe wako wanafanya kazi nzuri sana. Wasipokonda wao, tutajuaje kwamba wenzao wamenenepa?"

Mzee akacheka. Alicheka kwa sababu mgeni ametania, na mgeni akitania kwako hukai umekunja uso. Utepe alisamehe mengi maishani, hata mume aliyemkimbia na redio, lakini kicheko kile cha baba yake hakukisamehe.

Fahali akapimwa akiwa amelala, utepe ukapitishwa chini ya kifua kwa kusukumwasukumwa. Kabla ya mvua kurudi zizi lilikuwa limebaki miti na harufu. Mzee akawa mlinzi wa duka la mtu, akafia kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango usio wake. Kaka yake Utepe aliacha shule akaenda kuchunga kisu buchani ili mdogo wake asome. Na Utepe akasoma. Alisoma kama mtu anayenoa panga.

Chuoni, mwalimu alifungua kitabu akawaonyesha mchoro wa mistari miwili, mmoja umepanda kama ngazi, mwingine umeshuka kama mtu aliyekosa ngazi. "Tazameni tofauti ilivyo nzuri," akasema mwalimu. Chini ya mchoro palikuwa na jina la yule kijana wa suruali, sasa ni Profesa. Utepe akatazama mstari wa chini. Alimjua kila ng'ombe aliyekuwa ndani yake, na tabia zake, na nani alikuwa mwoga wa mbwa. Akanyoosha mkono, akaomba ruhusa, akaenda kutapika nyuma ya maabara.

Aliomba kazi kwenye kituo kile kile kwa makusudi ya kumkuta. Shetani naye ana ratiba yake: mwaka alioajiriwa Utepe ndio mwaka aliostaafu Profesa. Walipishana mlangoni, yeye anaingia na barua ya ajira, mwenzake anatoka na saa ya ukutani na shada la maua. Kisasi kikabaki kwenye baraza kimeshika mkoba, hakijui kiende kwa nani.

Miaka ikapita. Ukafika wakati kituo kikapata fedha za mpango mpya wa utafiti kwa wafugaji wadogo wa ng'ombe wa nyama, na Mkurugenzi, kijana mwenye ndevu zilizochongwa na mazoea ya kusema "kwa kifupi" kisha akaongea hadi chai ipoe, akamkabidhi Utepe kazi ya kuusuka.

Akausuka kweli. Hakuanzia ofisini. Alianzia buchani kwa kaka yake.

"Mnatafiti wanachokula ng'ombe miaka nenda miaka rudi," kaka alisema, akikata mfupa bila kumtazama. "Hajawahi mtu kuja kuniuliza ng'ombe gani nikimchinja nyama inakaa hapa mpaka inanililia."

"Ndiyo nimekuja kukuuliza."

"Umekuja na mikono mitupu. Shika hiki kichwa, nikueleze."

Kutoka kwa kaka alikwenda kwa wafugaji, akawauliza wao ndio wanataka kujua nini. Wakamwambia: tuwalishe nini kiangazi kwa vile vilivyopo, na tuuze lini kabla hawajapoteza nyama waliyoipata. Hayo mawili yakawa moyo wa mpango. Lakini Utepe alikuwa mtaalamu, si mpiga ramli, na alijua kwamba bila kundi la kulinganisha nalo utafiti ni porojo. Lazima wawepo wa njano. Hapo ndipo alipoandika kile kifungu alichokibeba tangu sare ya shule, akakiita kanuni ya mbavu: mtu akisimama langoni akaweza kuhesabu mbavu za ng'ombe wa ulinganisho, ng'ombe huyo anatoka kwenye ulinganisho siku hiyo hiyo na kulishwa kutoka ghala la mradi, na takwimu zijifute machozi zenyewe. Mengine yote kwenye mpango ule angeweza kuyabadili. Hilo, hapana.

Sasa, vijiji vya mradi vilichaguliwa na Mkurugenzi. Utepe akaenda kuandikisha wafugaji nyumba kwa nyumba, na katika kijiji kimojawapo akakaribishwa na mama mmoja mcheshi, mwenye kitenge kilichofungwa kiunoni kwa ajili ya kazi na zizi safi kuliko jikoni za watu. Mafahali wake walikuwa wa kupendeza.

"Andika wote," mama akasema. "Mzee wangu yeye ni wa vitabu. Kiinua mgongo chake chote ndicho hiki unachokiona, kina mikia. Lakini ng'ombe ni wangu."

"Mzee amekubali, mama?"

"Yeye hukubali kila kitu akiwa anasoma gazeti. Ingia unywe maji."

Utepe akaingia. Ukutani palikuwa na saa. Chini ya saa, ndani ya fremu yenye kioo, palikuwa na mchoro wa mistari miwili. Akanywa maji yote, akaomba mengine, akaondoka. Njiani aliuvuta utepe mpaka tarakimu zikafutika.

Utasema bahati imemwangukia. Bahati ni ndama mwenye kichaa, ukimfurahia tu anakupiga teke. Kabla ya mpango kupita, jopo la wataalamu lilipaswa kukaa kuuchambua, na Mkurugenzi akamwalika Profesa awe mshauri, maana jina lake lilikuwa bado linapendezesha barua. Wakakaa kwenye chumba cha mikutano, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye beseni, Profesa amekaa kichwani mwa meza na miwani yake puani. Alikuwa amezeeka vizuri. Hilo nalo lilimuudhi Utepe.

"Kazi safi, binti yangu," Profesa akasema. "Isipokuwa hii habari ya mbavu. Hii ni huruma imevaa koti la maabara. Ukimwokoa ng'ombe wa ulinganisho, unalinganisha nini? Unaharibu takwimu."

Jopo likatikisa vichwa, maana vichwa vya majopo viliumbwa kwa kazi hiyo. Mkurugenzi akamgeukia Utepe, tayari kwa vita. Kwa kifungu kile Utepe alikuwa amegombana naye kutwa nzima. Utepe akafungua kinywa. Akamtazama yule mzee, akaliona zizi safi la mkewe, na mafahali wa kupendeza wanaokwenda kuingiza kichwa kwenye kitanzi ambacho mwenyewe anakisokota hapa mezani kwa mikono yake. Akafunga kinywa.

"Profesa ndiye mkubwa wetu," akasema. "Kifutwe."

Akatoka pale anatabasamu. Akapitia buchani kumpa kaka yake habari, akijua atacheka naye. Kaka hakucheka. Alifuta kisu, akakiweka chini.

"Wangapi watavaa njano?"

"Nusu ya kijiji."

"Yeye ni nyumba moja. Hao wengine wa hiyo nusu, nani baba yao?"

"Kaka, usinianze."

"Sikuanzi. Nauliza. Yule mjane wa nyumba ya pembeni uliyenisimulia, mwenye mafahali wawili. Mvua ikigoma, utakwenda kumpima ukamwambia nini? Kwamba ng'ombe wake wanafanya kazi nzuri?"

Utepe akachukua mfuko wake, akaondoka bila kuaga, na nyama aliyokuja kununua akaisahau kwenye mizani. Alikuwa amekasirika kama mtu aliyeambiwa ukweli na mtu anayemzidi umri. Kwa siku nyingi alipima ng'ombe vibaya, akarudia, akakosea tena. Hakutaka kuchagua. Alitaka Profesa aumie, na alitaka mjane asiumie, na mpango ulikuwa umebaki na njia moja tu inayowapitisha wote wawili. Ukimsikia mtu anasema kisasi kinapofusha, mwambie hajawahi kuwa nacho. Kinafundisha mtu kutazama. Siku moja akiwa amemzungushia fahali utepe, akacheka peke yake, fahali akashtuka. Akaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi.

"Siku ya wafugaji kuchagua makundi, tumwombe Profesa awe mgeni wa heshima. Awaeleze mwenyewe maana ya ulinganisho."

"Wazo zuri. Kwa kifupi, wewe ni mtu mwenye moyo mkubwa," akasema Mkurugenzi, akaendelea hivyo kwa muda.

Mkutano ukafanyika uwanja wa mnada wa ng'ombe, mbele ya kishoroba cha mbao cha kupitishia mifugo mizanini. Viti vya plastiki kwa wageni, mabenchi kwa wafugaji, na mezani ndoo yenye vizibo vya soda vilivyopakwa rangi, nyekundu na njano sawa kwa sawa. Kaka yake Utepe alikuwepo na koti lake jeupe la buchani, amealikwa kusema wachinjaji wanataka ng'ombe wa namna gani. Tangu siku ile walikuwa wanasalimiana kwa kikohozi.

Profesa akapewa kipaza sauti, na kuna watu ukiwapa kipaza sauti umewapa ujana. Akaeleza mradi, akaeleza mashudu, akaeleza faida. Kisha akafika kwenye njano.

"Kundi la ulinganisho halipewi kitu. Msije mkasema hamkuambiwa. Mvua ije isije, hakuna gunia. Ng'ombe akikonda, akonde. Hiyo ndiyo sayansi."

Mjane wa nyumba ya pembeni akanyoosha mkono. "Na akifa, baba?"

"Akifa tunaandika amekufa."

Mtu mmoja akaanza kuvaa kofia yake aondoke. Utepe akasimama haraka, akashukuru kwa maneno hayo ya wazi, akaanza kuita nyumba moja moja zije kutia mkono ndooni. Ya kwanza aliyoiita, akaiita kwa sauti ya kuitia ndama.

"Nyumba ya Profesa."

Watu wakageuka. Mkewe akainuka kutoka benchi la akina mama, akakaza kitenge, akaanza kuja mbele. Profesa akacheka.

"Nyumba yangu imeingiaje huku?"

"Imeingia kwa miguu yake," mkewe akasema. "Nilituandikisha. Nikakwambia, ukasema vizuri sana."

"Lini?"

"Ulikuwa na gazeti."

Wafugaji wakaanza kucheka, kwanza wanawake. Profesa hakucheka tena. Ungemwona anahesabu kichwani, anawapitia mafahali mmoja mmoja, na kila mmoja anamvisha hereni ya njano. "Ng'ombe wangu wote?" akauliza, chini chini, lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake.

"Ng'ombe wangu," mkewe akamsahihisha. "Sogea nichague."

"Subiri kwanza, mama. Mke wangu, subiri." Akamshika mkono uliokwisha ingia ndooni. "Daktari, naona kuna jambo dogo kwenye mpango halijakaa sawa."

"Jambo gani, Profesa?" Utepe alisema kwa upole wa mtu anayempapasa fahali kabla ya sindano.

"Ile habari ya mbavu. Pengine tuliharakisha."

"Ile itaharibu takwimu, mzee wangu."

"Takwimu zina njia zake za kurekebishwa."

"Jopo lilisema haiwezekani."

"Jopo..." Akajipangusa paji la uso. "Jopo linaweza kukosea. Huwezi kumwacha ng'ombe wa mtu afe kwa ajili ya mstari kwenye karatasi. Ni mali ya watu hii. Ni maisha yao."

"Sema tena, baba, huku nyuma hatukusikia," mtu akapaza kutoka mwisho, na vicheko vikazunguka uwanja. Profesa akalazimika kurudia. Akarudia kwa sauti kubwa, na kwa hoja, maana alikuwa msomi kweli, na alipoamua kutetea alitetea kuliko Utepe alivyowahi kutetea. Alieleza kwa nini kanuni ya mbavu ni haki. Alieleza hata namna ya kuwatoa ng'ombe wale bila utafiti kupoteza maana. Mkurugenzi alikuwa anaandika mbio. Utepe akamwacha azungumze mpaka akakaukiwa, kisha akamsogelea, karibu, kama mtu anayekwenda kupokea kipaza sauti. Hakukipokea.

"Na yule mzee wa hereni za njano, Profesa? Aliyekuomba gunia moja, la fahali aliyelala. Yeye naye alistahili?"

"Mzee yupi?"

"Ulimwambia ng'ombe wake wanafanya kazi nzuri."

Profesa akamtazama Utepe usoni. Akatafuta. Alitafuta kwa bidii, mtu ungemwonea huruma kama una huruma ya kumwaga. Kisha akatikisa kichwa.

"Sikumbuki, binti yangu," akasema, na spika zikalitoa neno lake hadi barabarani. "Walikuwa wengi."

Hakuna aliyecheka. Kaka yake Utepe alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, macho chini. Utepe alikuwa ameandaa maneno ya kufuata hapo, ya miaka mingi, makali, yamepangwa kama visu vya bucha. Yote yakamkimbia. Alikuwa amejiandaa kwa mtu anayekana, na kwa mtu anayeomba msamaha. Kwa mtu aliyesahau hakuwa na kitu.

"Mkurugenzi," akasema mwishowe, "umesikia?"

"Nimesikia. Kanuni irudi." Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alisema kwa kifupi.

Mkono wa mke wa Profesa ukatoka ndooni. Kizibo chekundu.

Yaani mashudu. Yaani magunia kila mwezi, mlangoni kwa Profesa, mafahali wake wapande kama ngazi. Kaka yake Utepe alianza kucheka, akageukia kishoroba akashika mbao, mabega yanatikisika. Utepe akautazama ule mfuniko wa soda kama mtu anayetazama mbwa aliyemla kuku wake. Ndoo haina akili. Ndoo haijui nani ana deni. Na alipofika mjane, akatia mkono, akatoa njano.

Mwingine angeishia hapo, aende nyumbani akalie. Utepe akachukua kipaza sauti.

"Kanuni imerudi, lakini kanuni haina macho," akasema. "Anatakiwa mtu wa kupita kwenye mazizi ya njano kila wiki, asimame langoni, ahesabu mbavu, na akiziona aje mwenyewe kituoni kuomba gunia. Asiwe na ng'ombe wa njano, asije akajipendelea. Awe msomi. Na awe ameielewa kanuni kuliko sisi sote. Wafugaji mnamwona nani?"

Mikono ikainuka hata ya watoto. Profesa akasema ana magoti. Mkewe akasema magoti yanataka mazoezi.

Basi Profesa akawa wa kupita. Mazizi ya njano yalikuwa yametawanyika, mengine ng'ambo ya korongo, na gari la mradi kila siku lilikuwa na udhuru, udhuru ambao Utepe aliutunga kwa ustadi, leo tairi, kesho dereva. Mzee akapita kwa miguu na fimbo. Langoni wafugaji wakamuuliza, "Profesa, leo mbavu ngapi?" na asingeweza kuondoka bila kutazama. Alitazama. Wiki baada ya wiki alisimama akiutazama mstari wa chini ukipumua, ukipiga mkia, ukimtazama naye. Wanasema fremu ya ukutani aliishusha. Wengine wanasema ni mkewe aliyeishusha, akafunikia mtungi. Kaka alipomwambia dada yake kwamba sasa adhabu imemtosha mzee wa watu, dada alimuuliza yeye ni mchinjaji au shehe.

Kiangazi kikaja, kikali. Asubuhi moja Profesa akafika kituoni amejaa vumbi mpaka kope, kofia mkononi. Mmoja wa mafahali wa mjane, mbavu zimetoka, amezihesabu mara mbili. Anaomba gunia.

"Kaa hapo kwenye benchi, mzee wangu," Utepe akamwambia. "Nalishughulikia."

Gunia lilikuwa limeondoka alfajiri. Mjane alikuwa amepiga simu mwenyewe, na Utepe akapakia mawili badala ya moja, na kwa wakati ule fahali alikuwa tayari ameshiba anacheua. Hilo Profesa hakulijua. Alikaa kwenye benchi la mbao la korido, miguu inamuuma, akichungulia mlango kila ulipolia. Mara moja aliinuka, akabisha kwa kucha.

"Samahani, daktari. Ni yule fahali tu. Naogopa atalala."

"Subira, Profesa."

Akarudi kukaa. Benchi likalia chini yake. Ndani, Utepe akajimiminia kikombe kingine cha chai, akatia sukari, akaikoroga polepole, halafu akaikoroga tena.